Nisomee Yote

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na tulifundishwa kuitamka huku mikono ikiendelea na kazi: "Ukilipia kwa kadi ya duka leo unapata punguzo la asilimia 10, halafu unalipa polepole kwa miezi 12 bila riba. Nikujazie?" Uzito wote ulikuwa kwenye hilo neno la mwisho. Mkufunzi alitukataza kabisa kusema "unaonaje?" au "ungependa kufikiria?" Mteja akipewa nafasi ya kufikiria, alisema, atafikiria. "Nikujazie" linamkuta pochi iko wazi mkononi, nyuma yake watu wanahema, na jibu jepesi kuliko yote ni "haya."

Nilikuwa kijana, kazi yangu ikiwa kaunta ya kuchukulia oda. Watu waliagiza vitu kwenye tovuti ya duka usiku wakiwa wamejilaza, kisha wakaja kulipia na kubeba. Mimi natafuta namba ya oda, naleta boksi kutoka stoo, napokea malipo. Ndivyo mkataba wa ajira ulivyosema. Lakini kwenye chumba cha wafanyakazi, pembeni ya ratiba ya zamu, kulikuwa na ubao wenye majina yetu yaliyopangwa kwa kigezo kimoja tu: nani amewafungulia wateja kadi ngapi za mkopo. Hakuna aliyeandikiwa kuwa kauza majokofu mangapi. Jokofu likishauzwa, faida yake imeshapatikana na habari yake imeisha. Mwenye kadi huendelea kulipa hata baada ya kulizoea jokofu, na akipita tena dukani hana haja ya kuuliza kama ana hela, kwa sababu kadi ipo.

Mkufunzi wetu, mtu wa maneno matamu kwelikweli, alipenda kutusimulia historia. Alituambia jinsi kampuni ya cherehani ya Singer ilivyoanza kuuza kwa awamu huko Marekani mwaka 1856, pale ilipoonekana kuwa familia nyingi zinaitaka cherehani lakini haziwezi kuitoa bei yake kwa mkupuo. Kwake hiyo ilikuwa habari ya ukombozi, na sikatai kwamba ilikuwa na ukweli: mtu aliweza kushona na kuuza huku akiilipia mashine. Habari ya Fresno hakutupa. Hiyo nilikuja kuisoma mwenyewe miaka mingi baadaye. Septemba 1958 benki ya Bank of America ilituma kadi za mkopo 60,000 kwa posta kwa wakazi wa mji huo wa California, na hakuna aliyekuwa ameomba. Mtu anafungua bahasha, anakuta ameshakopeshwa. Benki ilitarajia wachache tu wachelewe kulipa. Waliochelewa wakawa wengi kuliko hesabu zake zote, na wezi nao wakapata sikukuu. Ilipofika 1970, Marekani ikapiga marufuku kumtumia mtu kadi ambayo hakuiomba. Sisi kaunta tulikuwa tunaomba, hilo sitalikana. Ila tulifunzwa kuomba kwa namna ambayo ombi lisisikike.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mwisho wa mwezi, jioni, saa ambazo kila mtu anatoka kazini na kukumbuka kwamba ana boksi la kuchukua. Foleni ilikuwa imepinda hadi kwenye rafu za pasi. Zamu yake ikafika mama mmoja wa makamo ya mama yangu, pengine amemzidi kidogo, kabeba mkoba mkubwa na karatasi ya oda aliyoichapisha akaikunja mara nne. Mashine ya kufulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmechoka leo."

Nikatafuta namba, nikamwita mwenzangu wa stoo, na wakati tunasubiri nikaitoa sentensi yangu yote bila kupumua, hadi "nikujazie?"

"Haya," akasema. Nikavuta kishikwambi. "Ila kwanza nisomee."

"Nikusomee nini, mama?"

"Masharti. Miwani ya kusomea nimeisahau."

Hakuna mteja aliyewahi kuniomba hivyo. Masharti yalikuwepo, maana sheria ilitaka yawepo, lakini yalikaa ndani ya kidirisha kidogo juu ya nafasi ya sahihi, unakiteremsha kwa kidole kama una subira. Kazi yetu ilikuwa kumgeuzia mteja kishikwambi pale pale penye nafasi ya sahihi. Kila mtu ameshasikia tangazo la redio linalomalizia na "vigezo na masharti kuzingatiwa" likisemwa mbio kama mtu anakimbia mvua. Hakuna anayemsimamisha mtangazaji. Mimi nilikuwa nimesimamishwa.

Nikaanza kusoma. Mwanzoni nilisoma kwa sauti ya chini, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Paza, mwanangu." Nikapaza. Anwani ya mtoa mkopo, ambaye kumbe hakuwa duka bali taasisi nyingine ya fedha. Riba ya asilimia 30 kwa mwaka. Faini ya kuchelewa. Ruhusa ya kuuliza habari zako kwa wengine. Mama anaitikia kwa kichwa tu, kama anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Kisha nikafika hapa: "Iwapo salio lote la bidhaa halitakuwa limelipwa hadi mwisho wa kipindi cha ofa, riba itatozwa kuanzia tarehe ya manunuzi."

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kuanzia tarehe gani?"

"Ya manunuzi, mama."

"Yaani leo. Si ile siku miezi 12 inapoisha."

"Leo."

"Basi riba ipo tangu leo. Imekaa tu inasubiri."

Akaomba kalamu. Akaigeuza karatasi yake ya oda, akaandika 100 katikati. Tuseme deni ni mia moja, alisema, tusihangaike na bei yenu. Halafu akaniuliza: karatasi ya deni inayokuja kila mwezi, inasema nilipe kiasi gani? Nikamweleza kwamba inataja kiwango cha chini, na ukilipa hicho hakuna anayekusumbua. Tuseme basi kiwango hicho ni saba na nusu, akasema, nami nalipa bila kukosa hata mwezi mmoja. Saba na nusu mara 12 ni 90. Imebaki kumi. Kwa mwezi riba ni asilimia mbili na nusu. Akaorodhesha chini salio la kila mwezi, 100, 92.5, 85, anashuka nayo bila kusita hadi 17.5, akajumlisha akapata 705. Asilimia mbili na nusu ya hiyo ni 17 na ushee. Akachora mstari mara mbili chini yake. Mimi bado nilikuwa kwenye kujumlisha.

"Mtu aliyelipa mwaka mzima, hajachelewa hata siku moja, amebakiza kumi," akasema. "Asubuhi ya pili anadaiwa 27."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa kuridhika, kama fundi aliyeipata sauti iliyokuwa inagonga kwenye injini. Na hapo nikagundua foleni imenyamaza. Kijana mmoja aliyekuwa wa tatu au wa nne akauliza kutoka kule kule, "Na kadi za mwaka jana nazo ziko hivyo?" Nikamwambia masharti ni yale yale. Akatoa simu, akaanza kutafuta ujumbe wake wa zamani, midomo ikihesabu miezi. Dada aliyekuwa mbele yake akamwuliza, "Yako inaisha lini?" na wakaanza kulinganisha, watu wasiojuana.

Mara nyingi nimeifikiria ile dakika ninapofungua tovuti za manunuzi. Ofa ile ile ilikuwepo kwenye tovuti yetu, tena kwa kitufe chenye rangi kuliko vyote, mahali penyewe kidole kinapoelekea chenyewe. Lakini huko huna wa kumwambia "rudia hapo." Hakuna foleni ya kukusikia. Kila kitu kimepangwa ili pasiwe na nafasi kati ya kutamani na kununua, na nafasi hiyo ina thamani kubwa kuliko tunavyodhani: mwaka 1999 Amazon ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiitumie, ya njia ya kununua kwa mbofyo mmoja, na mwaka huo huo ikamshtaki mshindani wake Barnes & Noble kwa kutumia njia inayofanana nayo. Hataza ile ilikaa hadi 2017. Watu hawaendi mahakamani kugombania mbofyo mmoja ikiwa mbofyo wenyewe hauleti hela.

Na si kubofya tu. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wao. Waliwanadia tiketi za mpira wa kikapu. Kundi moja likaambiwa litalipa taslimu, jingine kwa kadi ya mkopo. Tiketi ni zile zile, na waliodhani watalipa kwa kadi walitaja, kwa wastani, bei iliyozidi mara mbili ya wenzao. Hawa walikuwa wanafunzi wa shahada ya juu ya biashara, watu wa hesabu. Kwa hiyo siwakubali wanaosema mitego hii huwanasa wajinga. Pesa isiyoonekana ikitoka haiumi, hata kwa msomi, na ndiyo maana mama yule alilazimika kuiandika kwenye karatasi ili imuume kwanza.

Basi turudi kaunta. Mashine ilikuwa imeshafika, mwenzangu kaegemea toroli anatazama tamthilia. Nilidhani mama ataniambia achana nayo, atoe hela zake aondoke. Badala yake akanyoosha kidole.

"Wapi nasaini?"

"Unaichukua, mama?"

"Umesema punguzo asilimia 10, siyo? Na kulipa mapema kuna faini?"

Nikateremsha kidirisha chote hadi chini. Hakukuwa na faini ya kulipa mapema.

"Karatasi ya kwanza ikija nalipa yote. Hela ninayo, imekaa." Akasaini kwa kidole, sahihi ndefu yenye mkia, akaisogeza karibu na macho kuitazama, na hapo nikaanza kuwa na mashaka na ile habari ya miwani.

Wote waliomfuata kwenye ile foleni, kila nilipofika kwenye "nikujazie," waliniambia hapana. Wengine walisema hapana kabla sijaanza. Kadi yangu pekee jioni ile ikawa ni ya mtu ambaye hakukusudia kuwalipa hata senti ya riba.

Meneja alikuwa ameona foleni kwenye kamera. Hakunigombeza, tena aliuliza kwa upole tu nini kilitokea, nikamweleza. Akafikiri kidogo akasema mteja ana haki ya kusoma masharti yote. Kusoma, alikazia. Tangu hapo maelekezo yakawa kwamba mteja akiuliza, mpe kishikwambi asome mwenyewe pembeni, wewe mhudumie anayefuata. Ukiyatazama hayana kosa. Mtu anayesoma peke yake pembeni, akiwa na mizigo mikononi, huteremsha kidirisha mara mbili kisha anasaini, niliwaona wengi.

Mama alirudi mwezi uliofuata, kama alivyosema, na karatasi ya kwanza ya deni mkononi. Safari hii miwani ilikuwa machoni. Akalipa yote, nikampa risiti, akaikagua hadi tarehe.

"Sasa ifunge," akasema.

"Kadi?"

"Eeh. Kazi yake imekwisha."

Nikatafuta kwenye skrini. Kulikuwa na kitufe cha kufungua kadi mpya, cha kuongeza kikomo cha mkopo, cha kumwongeza mwanafamilia. Cha kufuta hakikuwepo. Meneja akaniambia hilo halifanyiki dukani, mteja apige simu kwa mtoa mkopo, namba iko nyuma ya kadi. Nikamweleza mama, nikitegemea atakwenda kupiga nyumbani.

Akatoa simu, akabonyeza namba tarakimu moja moja, akaweka sauti ya nje na kuilaza juu ya kaunta yangu, kati ya mashine ya risiti na kishikwambi. Sauti ikatukaribisha, ikatushukuru kwa uvumilivu, kisha ukapigwa muziki.

"Endelea na wateja wako, mwanangu," akasema akivuta kiti. "Mimi nina nafasi."