Jasusi Wangu Mwenye Nguvu 36

Niseme ukweli, nilitaka muuaji. Nilikuwa nimeshamwona kichwani: kimya, koti refu, bastola isiyokosa shabaha. Dadu zikanikatalia katakata.

Mchezo wenyewe ni Top Secret, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliobuniwa na Merle Rasmussen na kutolewa na kampuni ya TSR mwaka 1980. Humo hujichagulii sifa za jasusi wako. Unarusha dadu mbili za pande kumi, moja ni makumi na nyingine mamoja, unapata namba isiyozidi 100. Unafanya hivyo mara sita: Nguvu, Mvuto, Utashi, Ushujaa, Maarifa na Wepesi wa viungo. Namba ndogo huongezewa pointi ili mtu asianze akiwa hoi kabisa. Nguvu yangu, hata baada ya kuongezewa, ilikomea 36. Ushujaa 46. Nikamtazama Msimamizi (ndivyo anavyoitwa mwendesha mchezo hapa) nikimwomba kwa macho nirushe tena. Akatikisa kichwa.

Basi nikaanza hesabu kwa shingo upande, na hesabu ndiyo iliyonigeuza. Sifa zinazofuata huzaliwa na hizo sita. Uwezo wa kushambulia ni wastani wa Ushujaa na Wepesi; mimi nilikuwa na Wepesi 72, nikapata 59. Muuaji wa 59 ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini Mvuto wangu ulikuwa 82, kwa hiyo wastani wake na Ushujaa ukanipa 64 katika kudanganya, na wastani wake na Wepesi ukanipa 77 katika kukwepa. Maarifa yalikuwa 88. Ukiyapatanisha na Wepesi unapata 80 ya kutegua mitego na ving'ora. Uhai, yaani Nguvu na Utashi vikijumlishwa na kugawanywa kwa kumi, ulikuwa 10 tu. Risasi mbili tatu na karatasi ya mhusika inachanwa.

Karatasi ile ilikuwa inaniambia jambo wazi: huyu mtu aingie, achukue, atoke, na asipigane na yeyote. Kati ya idara tatu za mchezo, Mauaji, Utwaaji na Upelelezi, nikaandika Utwaaji. Idara si pambo, kwa sababu ndiyo inayoamua ni kazi zipi zitakupa pointi nyingi za uzoefu.

Kilichonikalisha muda mrefu zaidi ni kazi yake ya kujifichia. Katika maeneo ya ujuzi nilijikuta na Botania, na mwanzoni nilicheka. Jasusi wa majani! Kisha nikafikiria tena. Ni nani mwingine mwenye sababu halali ya kutembea porini na kamera, darubini na ramani, akipiga magoti kwenye tope, akiandika kijitabuni majina ya Kilatini ambayo mlinzi hawezi kuyahakiki? Tulikuwa tunacheza Vienna ya mwaka 1962. Mwendo mfupi kutoka mjini kuna Ziwa la Neusiedl, lenye kina kisichofika hata mita mbili, lililozungukwa na matete, na mpaka wa Austria na Hungaria unapita humo humo. Pazia la Chuma, ule mpaka uliotenga Ulaya ya kikomunisti na ya magharibi, katikati ya matete! Nikampa jina la siri Kangaga, kwa kuwa kangaga haitoi maua na hakuna anayesimama kuitazama.

Silaha nilizipitia haraka. Bastola ndogo, basi. Pointi za Bahati, zile zinazoweza kumwokoa jasusi na kifo, Msimamizi huzirusha kwa siri na hakuambii unazo ngapi. Kwa mtu mwenye uhai 10, huo ni ukatili mtamu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchukua filamu upande wa Hungaria na kurudi nayo kupitia kituo cha mpakani cha Hegyeshalom. Niliificha chini ya majani makavu kwenye vibao vya kukaushia mimea. Mlinzi akafungua kibao cha kwanza, cha pili, mkono ukaenda wa tatu. Nikaanza kumweleza habari za mizizi ya matete, bila kupumua. Nilihitaji 64 au chini yake. Dadu zikasoma 61.

Mlinzi akasita, akaingia kibandani. Nikajua anapiga simu. Akatoka na chungu cha ua lenye majani yaliyogeuka manjano, akauliza lina ugonjwa gani. Msimamizi akanikazia macho, akingoja. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda hata mchicha.

"Unalimwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni," akajibu kwa sauti ya mlinzi.

"Punguza."

Akapandisha kizuizi.