Kabla ya kujaza fomu ya kozi ya ustawi wa jamii

Wengi wanaoomba kusomea huduma za jamii wanasukumwa na moyo wa kusaidia. Moyo huo unahitajika sana, ila hautoshi kukuchagulia kozi. Anzia kwenye kazi yenyewe, siku ya kawaida ofisini, kisha urudi nyuma hadi darasani.

Ofisa ustawi wa jamii hutembelea familia, hufanya tathmini, huandika mpango wa huduma, huwaelekeza watu kwenye huduma nyingine wanazohitaji, na pengine huwasilisha taarifa mahakamani. Kuandika kunakula muda mwingi kuliko wanafunzi wanavyodhani, na taarifa iliyoandikwa vibaya inaweza kumwacha mtoto mikononi mwa anayemuumiza. Mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, hukaa na mtu mmoja au kikundi kidogo, kikao baada ya kikao. Maendeleo ya jamii ni mikutano, miradi na bajeti.

Kosa linalogharimu zaidi ni kudhani kozi zinazokaribiana majina huishia kwenye leseni moja. Shahada ya kwanza ya saikolojia, kwa mfano, kwa kawaida haimpi mhitimu ruhusa ya kutibu kama mwanasaikolojia, wala haimsajili kuwa ofisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo soma kwanza masharti ya usajili ya chombo kinachosimamia taaluma mahali unapotaka kufanyia kazi. Ndipo ukiulize chuo, kwa maandishi, kama kozi yao inatambuliwa na chombo hicho.

Kisha chunguza mafunzo kwa vitendo. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa cha chuo. Marekani, programu za ustawi wa jamii zilizoidhinishwa hudai angalau saa 400 kwa shahada ya kwanza na 900 kwa uzamili. Hata hivyo, saa bila msimamizi ni kupoteza muda. Uliza nani atakusimamia, kama naye ana taaluma hiyohiyo, mtaketi pamoja mara ngapi kwa wiki, na lini utaanza kushughulikia mteja chini ya uangalizi wake. Mwanafunzi asiye na msimamizi huishia kupanga majalada na kupokea simu, halafu anahitimu bila kujua namna ya kuzungumza na mtoto aliyenyanyaswa.

Kama bado hujui utahudumia kundi gani, stashahada yenye mafunzo katika vituo viwili tofauti ni mwanzo mzuri, mradi uthibitishe mapema kwamba masomo yake yatahesabiwa utakapoendelea na shahada.