Jinsi nilivyofunga notisi zangu kwenye kurasa zenyewe

Mjomba aliniuliza swali moja tu: "Hilo umelisoma wapi, mwanangu?"

Tulikuwa tumekaa sebuleni kwa mama, Mukono, mwanzoni mwa mwaka 2024, tukizungumzia kibanja, yaani shamba lililo juu ya ardhi ya mtu mwingine, ambacho babu alianza kukilima mwaka 1968 akiwa bado mfanyakazi wa reli. Mwenye ardhi ya mailo, yaani mmiliki aliyeandikishwa wa ardhi yenyewe, alikuwa amefariki, na warithi wake wametuma mtu aje kupima. Mimi nasoma sheria kwa masomo ya jioni Kampala, kwa hiyo nikasema bila kusita: aliyekaa na kuitumia ardhi miaka 12 au zaidi bila kupingwa na mwenyewe, kabla Katiba ya 1995 haijaanza kutumika, sheria inamlinda. Mjomba akataka kuona maandishi. Nikafungua laptopu, nikakuta kwenye notisi zangu nimeandika "miaka 12, muhimu", na chini yake nimepiga mistari miwili. Sikuwa nimeandika jina la faili wala ukurasa. Nilihangaika karibu nusu saa katikati ya mafaili ya PDF yenye majina ya namba tupu, mpaka mjomba akaaga akaondoka. Iliniuma sana, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli, ila sikuweza kukionyesha.

Usiku ule nikaamua kila notisi iwe na njia ya kurudi kwenye ukurasa ilikotoka.

Kwanza nikaanza kuandika namba za kurasa kwa mkono: "uk. 87". Haikuchukua muda kugundua tatizo. Namba iliyochapwa chini ya ukurasa si lazima iwe ile inayohesabiwa na kompyuta. Kitabu kikiwa na kurasa 16 za utangulizi zenye namba za Kirumi, ukurasa wa 87 wa kitabu ni wa 103 kwenye faili, maana kompyuta inaanza kuhesabu kwenye jalada. Sasa kwa kila kitabu naandika juu kabisa ya notisi zake: "ongeza 16". Ni jambo dogo, lakini lingenipotezea saa nyingi.

Halafu nikajaribu kuweka viungo ndani ya faili la Word. Kila nikibonyeza, PDF inafunguka ukurasa wa kwanza, hata kama kiungo kinataja wa mia mbili. Suluhisho nililipata kwenye kivinjari. Ukifungua PDF ndani ya Firefox au Chrome, ukaongeza mwishoni mwa anwani yake alama ya reli na neno page, hivi: #page=103, unatua pale pale. Inafanya kazi kwa faili lililo mtandaoni na kwa lile lililo kwenye diski yako, hivyo bando haliliki.

Leo naandikia kwenye Obsidian, programu ya kuandikia notisi, kwa sababu notisi zangu zinabaki maandishi ya kawaida ndani ya folda yangu na PDF zinakaa humo humo. Kiungo kinaandikwa [[katiba-1995.pdf#page=150]]. Nikibonyeza, ukurasa unafunguka, umeme uwepo usiwepo, almradi betri ina chaji. Nimejiwekea mwiko mmoja: sibadilishi jina la faili nikiwa nje ya programu. Nikilibadilisha ndani yake, inaweza kurekebisha viungo yenyewe; nikilibadilisha kwenye folda, vyote vinakufa.

Hapo nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe tarehe 1 Julai 2024 toleo jipya la sheria zote za Uganda lilianza kutumika. Sheria ya Ardhi niliyoizoea kama Sura ya 227 ikawa Sura ya 236, na katika sheria nyingi namba za vifungu zikasogea. Viungo vyangu vilikuwa vizima kabisa, lakini vinanipeleka kwenye vitabu vya zamani. Ilinibidi nikae wiki mbili nikipitia kimoja kimoja. Nilichojifunza katika kazi ile nakithamini kuliko hata kile kiungo chenyewe: mwaka wa toleo lazima uwe kwenye jina la faili, na kando ya kiungo niandike namba ya kifungu pamoja na sentensi moja kwa maneno yangu. Ukurasa unaweza kuhama. Nikiwa na maneno yangu na kifungu, nitaufuata ulikohamia. Faili la zamani pia silifuti, kwa sababu hukumu zilizotolewa kabla ya hapo zinataja namba za zamani.

Hukumu ndizo zinazonufaika zaidi. Nakala yangu ya kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, ni ya kuskaniwa: kila ukurasa ni picha, na kutafuta neno hakuleti chochote. Ndani yake nimeweka viungo viwili kwanza: pale mahakama inapokataa adhabu ya kifo iliyo ya lazima, na pale inaposema aliyesubiri kunyongwa zaidi ya miaka mitatu abadilishiwe kuwa kifungo cha maisha. Vingine naongeza kadiri ninavyosoma. Kwa faili la namna hii, kiungo cha ukurasa ndiyo fahirisi pekee niliyo nayo.

Mjomba alirudi Desemba. Safari hii nilibonyeza mara mbili: ibara ya 237 ya Katiba, halafu Sheria ya Ardhi, toleo jipya. Akavaa miwani, akasoma Kiingereza chake polepole hadi mwisho, nami nikamweleza kwa Kiswahili ili mama asikie. Kisha akasema, "Rudi nyuma ukurasa mmoja, nataka kujua imeanzaje." Nikarudi. Tulikaa hapo mpaka adhana ya magharibi, na mama akaomba nimchapishie kurasa zile tatu awapelekee wazee wa kijiji.