Kuunda kompyuta ya gemu au kununua iliyo tayari: hesabu ya mtu wa Tanga

Anayeishi Dar es Salaam akitaka kompyuta ya gemu, kwa kawaida huanza na bei. Sisi tulio Tanga, kwa maoni yangu, tunapaswa kuanza na swali jingine: siku itakapogoma kuwaka, nani ataifungua, na kipuri chake kitatoka wapi? Kwa kulifuata swali hilo nimeamua kununua vipande na kuiunda mwenyewe, ingawa sababu yangu si ile inayosemwa vijiweni, kwamba kuunda ni nafuu siku zote.

Unafuu huo una msimu wake. Kati ya 2020 na 2022 kadi za grafiki, zile zinazochora picha za gemu kwenye skrini, ziliadimika duniani, kwa sehemu kutokana na wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozitumia kwa kazi hiyo, na kulikuwa na nyakati ambapo kompyuta nzima ilipatikana kwa bei pungufu kuliko jumla ya vipande vyake. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, mahitaji hayo yakashuka. Anayekuapia kwamba njia moja ni nafuu kuliko nyingine, muulize anazungumzia mwaka gani.

Kinachonishughulisha zaidi ni pawa saplai, kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vya ndani. Hiki ndicho kifaa ambacho muuzaji wa kompyuta zilizo tayari hushawishika kukibania, kwa sababu tangazo lake hutaja prosesa, kadi na ukubwa wa RAM, na ni wateja wachache wanaouliza kilichofichwa chini ya kasha. Kadi kama RTX 3060 hutumia wati zipatazo 170, na Nvidia, wenye kadi hiyo, hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa mashine yenye kuitumia. Lakini hizo ziwe wati za kweli, si zile zilizoandikwa kwenye stika ya kifaa kisicho na jina. Mahali ambapo umeme unaweza kukatika jioni na kurudi kwa kishindo, pawa saplai dhaifu ikiungua inaweza kuondoka pamoja na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) na kadi, na hapo ule unafuu wa dukani unakuwa umelipiwa mara mbili. Ninapoichagua mwenyewe naangalia alama ya 80 Plus (ambayo hupima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kama joto, wala si cheti cha uimara kama wengi wanavyodhani), kinga dhidi ya volti kupanda na dhidi ya shoti, na waranti ya miaka mitano au zaidi. Kisha UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, hukaa kati yake na soketi ya ukutani.

Safari nayo ina hesabu yake. Basi la kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Segera na Muheza hutembea kilomita zipatazo 350, na mzigo ulio kwenye buti hauna wa kuutetea. Kadi kubwa ya grafiki hushikiliwa na sehemu inapochomekwa na skrubu chache za upande mmoja tu, kwa hiyo ikisafirishwa ikiwa ndani ya kasha, kila tuta huivuta. Unaweza kumwomba muuzaji aichomoe na kuifunga peke yake; ila ukifika nyumbani itakubidi uichomeke, na mtu aliyefika hapo amekwisha kuanza kazi ya kuunda. Kazi yenyewe, kwa kweli, ni bisibisi ya nyota, subira na mchana mmoja.

Hewa ya bahari ni jambo ambalo ushauri wa watu wa nchi za baridi haulitaji. Hapa Tanga, Raskazone na hata Chumbageni, unyevu wenye chumvi hushika chuma na shaba, na vumbi likichanganyika nao huganda kwenye feni. Makasha mengi yaliyopambwa taa yana kioo kizima mbele, kiasi kwamba feni hazipati pa kuvutia hewa. Mimi nataka uso wenye matundu na chujio linalotoka kwa urahisi ili nilioshe, taa sizihitaji.

Kompyuta iliyo tayari ina haki yake pia. Waranti yake ni moja, na muuzaji hawezi kumsukumia mwenzake lawama. Aliyeunda anaweza kujikuta kati ya duka la RAM na duka la mazabodi, kila mmoja akimnyooshea kidole mwingine. Ndiyo maana mazabodi, prosesa na RAM nitavinunua Kariakoo katika duka moja, na nitaomba viwashwe mbele yangu kabla ya kufungwa. Lakini kwa aliye mbali na duka, waranti ya mashine nzima humaanisha kupakia mashine nzima, ilhali mimi nitatuma kipande kilichoharibika tu.

Kuna njia ya tatu, ya kompyuta zilizotumika maofisini kama Dell OptiPlex, kisha kuongezewa kadi ndogo kama GTX 1650, ambayo katika matoleo mengi hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi. Kwa mwanafunzi naiunga mkono. Ajue tu kwamba nyingi ya mashine hizo hutumia pawa saplai na plagi za umbo lao zenyewe, hivyo kipuri cha kawaida hakiingii, na kwamba Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, huku nyingi za zamani zikiwa hazikubaliki rasmi kwa Windows 11.

Kwa upande wangu nimechagua prosesa ya Ryzen 5 5600G badala ya 5600, nikijua kuwa kache yake (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ni nusu, 16 MB dhidi ya 32, kwa sababu ina grafiki ndani yake. Nitaiwekea RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, kwani mbili zikifanya kazi sambamba hupitisha data haraka zaidi, na grafiki za ndani hutegemea sana kasi ya RAM. Kadi nitainunua baadaye. Na siku itakapolazimika kurudishwa Dar es Salaam kwa waranti, mashine itaendelea kuwaka na gemu nyepesi zitachezeka wakati kadi iko safarini.