Kikombe, cha kunywea, kimoja

Jumatatu nilikuwa benki, foleni imegoma, na pale mlangoni mlinzi kakaa kwenye kiti cha plastiki anasugua bizimu la mkanda wake kwa Brasso. Harufu ilinifikia kabla sijamwona mwenyewe. Ukilelewa na harufu ile huisahau: kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na dawa ya hospitali. Nikajikuta nimebana visigino, mikono imenyooka ubavuni. Mama mmoja nyuma yangu akaniuliza, "Mzee wangu, uko sawa?"

Niko sawa, mama. Nilikuwa Tabora tu kidogo, mwaka 1966, nina miaka kumi, nimesimamishwa kwenye mkeka bila kofia wala mkanda.

Yote ni ya baba. Alitoka Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, mwaka 1961 akiwa sajenti wa stoo, lakini Keya yenyewe haikumtoka. Nyuma ya mlango wa jikoni alibandika orodha ya mali ya nyumba: sufuria nne, vijiko tisa, koleo moja, taa ya chemli moja. Kila kitu kilikuwa na safu zake tatu zilizopigwa kwa rula: ipo, imeharibika, imepotea. Jumamosi baada ya chai tulipanga kila kitu kwenye jamvi uani, naye anapita polepole, penseli sikioni, anahesabu. Kaptula zetu za shule zilitiwa uji wa muhogo na kupigwa pasi ya mkaa hadi zikaweza kusimama zenyewe. Januari 1964 askari wa kambi ya Kalewa, hapo hapo Tabora, walipoasi siku moja baada ya wenzao wa Colito kule Dar es Salaam, wakitaka mshahara upande kutoka shilingi 105 hadi 260, majirani walikuja kumsikiliza mzee wa Keya atasemaje. Alisema madai ni ya haki kabisa, ila wangeandika barua kwanza.

Sasa kikombe. Cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, na kwenye kitako kina alama ya mshale, ile iliyopigwa kwenye kila mali ya jeshi la Mwingereza kuanzia bunduki hadi blanketi. Alirudi nacho kutoka Mauritius. Keya walikilinda kisiwa kile tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili hadi mwaka 1960, na baba alikaa huko miaka miwili, Vacoas, nyanda za juu, kwenye mvua na miwa. Habari za huko alizotupa zilikuwa tatu tu: kuna baridi, watu wanaongea Kifaransa, na bahari inatapisha. Kikombe chenyewe hakukinywea. Kilikaa juu ya kabati.

Mimi nikakishusha. Nilikuwa nauza karanga za kuchemsha stesheni, kopo langu la kipimo limetoboka, na kikombe kile kilikuwa na ujazo mzuri. Treni ya Kigoma ikasimama, mkono ukatoka dirishani, nikajaza, nikapandisha. Filimbi ikalia. Nilikimbia na treni mpaka mwisho wa jukwaa na senti hamsini sikupewa.

Jumamosi iliyofuata penseli ilisimama kwenye mstari mmoja. Baba hakufoka. Angefoka ningefurahi. Alikunja karatasi, akaingia ndani, na baada ya kama dakika kumi tukasikia meza inaburutwa.

Kaka Hamisi akateuliwa sajenti meja. Mama, aliyekuwa na mwiko wa ugali mkononi, akaambiwa yeye ndiye eskoti, askari wa kumsindikiza mshtakiwa. "Baba Hamisi, mtoto hajala," alisema. Akajibiwa kwamba mshtakiwa atakula baada ya shauri. Hamisi akanivua kofia, akanivua na mkanda, kaptula ikabaki kushikiliwa na wanga. Baadaye sana niliambiwa sababu yake: askari akipelekwa mbele ya ofisa wake huvuliwa vitu hivyo ili asije akamrushia. Wakati ule nilidhani ndiyo maandalizi ya viboko.

"Kwiki machi! Lefu rai, lefu rai, lefu rai! Hoti!"

Nikasimama. Mama pembeni yangu naye akasimama, mwiko unachuruzika uji sakafuni. Mbele yetu meza ya kulia, juu yake kitambaa cha Pasaka, wino, kalamu, na ile orodha. Baba kavaa koti lake la Ijumaa, vifungo vyote. Hakuniangalia. Akasoma kwa sauti nisiyoijua.

"Wewe nashtakiwa maneno hii. Wewe napoteza, kwa uzembe, mali ya Kwini. Kikombe, ya kunywea, moja. Wewe nasema nini?"

Nataka mnielewe hapa. Baba alikuwa Mnyamwezi aliyesoma hadi darasa la sita, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wetu. Ukisema "kikombe yangu" mbele yake unarudishwa mlangoni uingie upya. Na sasa yeye huyo ngeli zote zimemwagika, anaongea kile Kikeya cha maofisa wa Kizungu, Kiswahili cha "hapana jua" na "lete ile kitu", mpaka na lafudhi yake ya puani. Hamisi alikuwa anajiuma mdomo asicheke. Mimi nilikuwa nusu yangu inataka kucheka, nusu inataka kujikojolea. Nikamtazama baba usoni nione kama ni mchezo. Jicho la kushoto lilikuwa linachezacheza lenyewe, na kalamu ameishika kwa nguvu hadi kucha zimekuwa nyeupe.

"Nilikuwa napimia karanga, baba."

"Afande!" akanguruma Hamisi, ambaye kwa sasa alikuwa ameanza kuipenda kazi.

"Nilikuwa napimia karanga, afande."

"Shahidi iko?"

Mama akasema karanga ziliuzwa kweli, chumvi ilinunuliwa kwa hela hizo hizo, na ugali unaungua. Baba akaandika. Akaandika kila neno, pamoja na la ugali.

"Wewe nakubali adhabu yangu, ama nataka koti-masho?"

"Koti-masho ni nani, afande?"

Kimya. Koti-masho ni mahakama ya kijeshi, na nadhani swali hilo kule Mauritius hakuna aliyewahi kuliuliza. Akafikiri, kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kawaida, "Babu yako, Sikonge."

Nikachagua adhabu yake. Nimeshawaza mara nyingi: babu angenipa asali na kunirudisha nyumbani.

Siku saba kufungiwa kambini, na senti kumi ya Jumamosi kukatwa mpaka deni liishe. Kambi ilikuwa ua wetu, kutoka mwembe hadi choo. Kila filimbi ikilia nilitakiwa kutokea mlango wa jikoni na begi langu la shule limejazwa kila nilichomiliki, nisimame, nikaguliwe, nirudi. Alipiga filimbi alfajiri, alipiga saa sita, alipiga jioni. Siku ya tatu mama aliificha. Alipiga mluzi.

Mengine yalikwenda haraka, kama maisha yanavyokwenda. Shule, kazi ya reli (ndiyo, reli), ndoa, Dar. Baba akafariki mwaka 1991. Kwenye msiba alikuja mzee mmoja kutoka Urambo, mwenzake wa Keya, amevaa koti lenye nishani mbili, anatembelea fimbo. Usiku tumekaa nje na kahawa, nikamsimulia kesi ya kikombe ili tucheke kidogo. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Chenye ukingo wa buluu?"

Ndipo akatueleza. Vacoas, kwenye ukaguzi wa vifaa, kikombe cha baba yenu hakikuonekana. Alikuwa na miezi mitatu tu jeshini upande ule wa bahari. Akavuliwa kofia na mkanda, akaingizwa mbio, bwana meja akamsomea: kikombe, ya kunywea, moja. Alijaribu kueleza kwamba alikiacha jikoni mwenyewe kwa amri ya koplo. Akaambiwa hapana jibu-jibu. Siku saba, na bei ya kikombe kukatwa kwenye mshahara. Mwezi wa pili mpishi akakiona nyuma ya magunia ya mchele. Baba akakipeleka stoo, karani akamwambia kitabu kimeshafungwa, kikombe hicho kimekwisha kulipiwa, ni chako.

"Ndiyo akaomba kazi ya stoo," mzee akasema. Akanywa kahawa yake.

Kwa hiyo kikombe kile kilikuwa chake kweli, mshale au la. Labda ndicho kitu pekee cha jeshi lile alichokuwa na haki nacho. Na kama ni hivyo, pale mezani alikuwa anamhukumu nani? Nimewahi kudhani alikuwa ananifundisha. Nimewahi kudhani alitaka tu kukaa upande ule wa meza, angalau mara moja, aone kunaonekanaje. Hamisi anasema nafikiri mno, mzee alikuwa mkali, basi.

Lakini Hamisi hakufungiwa uani. Mimi wiki ile nilikuwa sina la kufanya zaidi ya kutazama njia kupitia ua wa mabua. Siku ambazo treni ya Kigoma ilikuwa inarudi, baba alivaa kofia, akamwambia mama anaenda stesheni kununua gazeti. Alikaa huko mpaka treni iondoke. Gazeti hakurudi nalo hata siku moja.