Cheti cha baba, ng'ombe wa mama na mwaka wangu wa kwanza Mlimani

Kila Mei wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanapoagana getini, huwa namkumbuka binti mmoja wa Kiwira, mwenye miaka 19, aliyeshuka kwenye kosta na sanduku lake la bati akiamini kwamba kazi ngumu imekwisha. Binti huyo ni mimi wa mwaka 2016. Namwandikia yeye, na kama kuna mwingine anayeshuka na sanduku mwaka huu, haya yanamhusu pia.

Anyigile, mtihani umekwisha. Kuanzia sasa hadi chuo kifunguliwe Oktoba una miezi mitano. Jina lako halitakuwemo kwenye orodha ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo ni miezi mitano kamili, yote yako. Mimi niliitumia kulala, kumsaidia mama kukata ndizi na kuzipeleka sokoni, na kusubiri. Julai matokeo yakatoka, daraja la pili, HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), majirani wakaja kupiga vigelegele. Baadaye nikachaguliwa kusoma ualimu wa sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Ndipo tukaanza kile tulichokiita kujiandaa: mama akaninunulia shangazi kaja mpya, ndoo yenye mfuniko, mashuka mawili na pasi. Tukafunga mchele wa Kyela na maharage. Baba mdogo akanipa hela ya nauli na nasaha za saa nzima kuhusu wavulana wa mjini. Nilipopanda basi alfajiri nilijiona nimekamilika.

Kilichonikwamisha hakikuwa kitu cha kununua dukani.

Baba alifariki 2009. Nyumbani kulikuwa na karatasi moja tu ya kifo chake, kibali cha mazishi, ambacho mama alikihifadhi ndani ya Biblia. Katika ukoo mzima hakuna aliyejua kwamba kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Nilipokwenda Tukuyu mjini kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kijana wa intaneti kafe akaniuliza kama nina uthibitisho kwamba baba amefariki, nikampa kile kibali, akaambatisha. Nikalipa ile 30,000 ya maombi, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, mdhamini akasaini, nikaenda nyumbani na amani moyoni. Isitoshe, cheti changu cha kidato cha nne kiliandikwa Anyegile, na cha kuzaliwa Anyigile. Ni herufi moja. Niliiona tangu nikiwa kidato cha tano nikaipuuza, kwa sababu kila anayenijua anajua mimi ni nani. Karatasi haimjui mtu, inajua herufi zake tu.

Orodha za mkopo zilipotoka nilikuwa Dar tayari. Nilizisoma kwenye simu ya mwenzangu, moja baada ya nyingine, na jina langu halikuwemo hata moja. Mwaka ule tuliokosa tulikuwa wengi, na wapo waliokuwa na karatasi zote. Lakini mimi yangu naijua. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi, kwenye maombi si yatima.

Hapa ndipo nataka unisikilize zaidi, kwa sababu lililofuata niliumia nalo kuliko kukosa mkopo wenyewe. Sikumwambia mama. Wiki tatu nzima nilimpigia simu nikimwambia niko salama, nimekula, masomo mazuri. Nilikuwa nimebebwa Mabibo Hosteli na dada mmoja wa kwetu Rungwe aliyekuwa mwaka wa tatu: kitanda chake kimoja tulilala wawili, mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake. Mchele wa Kyela uliisha. Nilikuwa nakunywa uji asubuhi na kula chipsi kavu jioni, na kuna siku nilitembea kwa miguu kutoka Mabibo hadi Mlimani ili kuokoa nauli, nikaingia darasani nimelowa jasho. Jioni moja mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona sauti yako haina chakula?" Nikalia. Nikamwambia yote.

Wiki hiyo hiyo aliuza ng'ombe.

Usidhani alikuwa ng'ombe tu. Alikuwa anatoa lita nane kwa siku, na maziwa yake ndiyo yaliyonisomesha sekondari. Ile hela ilitosha ada ya muhula wa kwanza na ikabaki kidogo ya chakula. Mama, ambaye alishaacha vibarua, akarudi kuchuma chai kwenye mashamba ya watu akiwa na maumivu ya mgongo. Mimi nilipata habari hizo Desemba nilipompigia shangazi kumjulia hali.

Kwa hiyo nikisema "andaa vyeti" sisemi maneno ya tangazo la ukutani. Nasema ng'ombe wa mama yako aliuzwa kwa ajili ya karatasi ambayo ungeweza kuifuata kwa kosta, ukitokea Kiwira, ndani ya miezi mitano ya kukaa.

Niliuvukaje mwaka ule? Kwa vidole. Tangu mdogo nilikuwa nasuka wadogo zangu na wasichana wa bwenini, bila malipo, kwa sababu napenda. Pale Mabibo yule dada aliyenibeba akaniambia nimsuke twende kilioni kwa sababu alikuwa na harusi Jumamosi. Jirani akaona, akaja. Wa tatu akaleta rasta. Nikaanza kutoza: mistari ya kawaida 3,000, rasta 15,000 kwa sababu rasta ndogo zinakula siku nzima. Mteja analeta nywele zake, mimi naleta mikono na kitana. Jumamosi na Jumapili nilikuwa naketi kwenye ndoo ile yenye mfuniko, wao wanakaa chini kwenye mkeka, nasuka tangu asubuhi hadi umeme uwake. Wiki nzuri niliingiza 30,000. Wiki za majaribio ya darasani nilikuwa sipati kitu, kwa kuwa wote tunasoma.

Kuna jambo nililigundua nikisuka. Wateja wangu wengi walikuwa mwaka wa pili na wa tatu, na mtu anaposukwa saa sita huongea. Kwao nilijifunza mhadhiri gani anarudia maswali, steshenari ipi ina mitihani ya miaka iliyopita, na kwamba alama 40 zinatoka kwenye kazi za muhula na 60 kwenye mtihani wa mwisho, kwa hiyo anayezembea Novemba ameshajiumiza kabla ya Februari. Mimi nilikuwa nikidhani chuo ni kama shuleni: unakesha wiki ya mwisho, unafaulu. Kama nisingekuwa na kitana mkononi ningeyajua hayo baada ya kusapu, yaani kufeli na kurudia mtihani.

Ndiyo maana nakuambia, tumia mwezi mmoja kati ya hii mitano kujifunza kusuka vizuri. Nenda saluni ya pale stendi, omba kukaa bure, fagia nywele, tazama. Mimi nilijua mistari na twende kilioni tu. Wale waliojua mitindo mipya walitoza mara mbili. Kama si nywele basi iwe kushona, kupiga picha, kutengeneza simu, kupika maandazi, chochote ambacho mwanafunzi mwenzako atakilipia bila kuhitaji mtaji.

Kompyuta nayo. Siku ya kwanza tulipopewa kazi ya kuandika kurasa tano, iliyochapwa, nilikuwa sijawahi kugusa kibodi maishani mwangu. Nilikwenda steshenari, nikamlipa mtu kuchapa kila ukurasa, na makosa aliyoyafanya yakawa makosa yangu. Muhula wa pili nilikaa kwenye maabara ya kompyuta nikijifunza kwa vidole viwili. Tukuyu kuna vijana wanaofundisha kuchapa kwa wiki chache. Nenda.

Kiingereza sitakutisha nacho. Umetoka shule ya kata, unajua kukisoma, hujui kukizungumza. Kwenye semina za mwanzo nilikaa kimya muhula mzima, huku nikijua majibu. Kilichonisaidia ni kusoma kwa sauti kila usiku ukurasa mmoja, chooni kama chumbani kumelala watu, hadi ulimi uzoee. Anza hapo nyumbani, migomba haitakucheka.

Julai 2017, likizo ndefu, nilipanda basi kurudi nikiwa na kazi moja tu. Nilibeba kile kibali cha mazishi, barua ya mtendaji wa kijiji na namba za simu za mashahidi wawili wa ukoo, nikaenda ofisi ya mkuu wa wilaya, kwani RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wilayani hufanyia kazi zake pale. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza kulikosekana kitambulisho cha mama, mara ya pili mhusika alikuwa safarini, mara ya tatu nikatoka na cheti cha kifo cha baba yangu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikakisoma jina lake mara nyingi. Miaka minane tulikuwa tumemzika bila kumwandikisha. Halafu nikaenda kwa wakili nikaapa kwamba Anyegile na Anyigile ni mtu mmoja. Gharama ya vyote, pamoja na nauli, haikufika bei ya mguu mmoja wa yule ng'ombe.

Niliomba mkopo upya nikiwa mwaka wa pili, nikapata. Mwaka huo pia nilipata kitanda kwenye hosteli za Magufuli pale pale chuoni, majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017 na kuingiza watu 3,840, na mateso ya nauli yakaisha.

Sasa kuhusu bumu, ile hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Wakati wetu ilikuwa 8,500 kwa siku, na mtu anasaini ya siku 60 kwa pamoja, yaani 510,000. Sikuwahi kushika laki tano. Siku ya kusaini Mlimani nzima inanukia nyama choma, na baada ya wiki tatu watu wale wale wanakopana sukari. Mimi niliilinda kwa njia moja: siku ileile nilinunua mchele, unga, mafuta na sabuni vya miezi miwili, nikamtumia mama laki moja, iliyobaki nikaigawa kwenye bahasha za wiki. Na sikuacha kusuka. Wenzangu walishangaa, wakasema si una mkopo sasa. Lakini nilishajua njaa ya Mabibo inavyokuja bila hodi.

Usisahau pia kwamba lile neno ni mkopo. Usije ukasaini mkataba bila kuusoma kama nilivyofanya mimi nikiwa na furaha. Tangu niajiriwe nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Nashukuru kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inaongeza deni kila mwaka, iliondolewa 2021. Kabla ya hapo nilikuwa naliona deni langu likinenepa. Silalamiki kulipa. Hela hiyo inamsomesha binti mwingine. Ninachosema ni kwamba ungepaswa kuijua hesabu yake ukiwa na miaka 19.

Kwa wanafunzi wangu wa leo taratibu zimebadilika kidogo. Sisi tuliomba vyuo kupitia mfumo mmoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 mnaomba moja kwa moja chuoni, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo sharti vihakikiwe na RITA kabla ya kuviambatisha kwenye maombi ya mkopo, na uhakiki una foleni yake. Ndiyo maana darasani kwangu, mwezi wa Februari, mtihani ukiwa bado, kila mmoja analeta nakala za vyeti vyake na tunakaa tukilinganisha majina herufi kwa herufi. Mwaka jana tuliwakuta saba wenye tofauti. Mmoja alikuwa na kibali cha mazishi cha mama yake, amekiweka kwenye mfuko wa nailoni kwa uangalifu mkubwa, akinionyesha kwamba yeye amejiandaa. Nilimshika mkono tukatoka nje kuongea.

Basi Anyigile, usilale tena kesho. Kibali cha baba kiko kwenye Biblia ya mama, Zaburi. Mwombe mama kitambulisho chake, mwambie unakwenda wapi, usimfiche. Pitia kwa mtendaji leo jioni kabla hajafunga. Kosta za kwanza kwenda Tukuyu zinapita saa kumi na mbili asubuhi, na asubuhi za Mei kuna ukungu, kwa hiyo vaa sweta. Na ukirudi, mkamulie mama yule ng'ombe.