Namba 7 ni Nani?

Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili wa taarifa ya fedha, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mzee mmoja aliponyoosha mkono. "Ndugu Mweka Hazina, naona Namba 7 kapewa nauli karibu kila wiki. Namba 7 ni nani? Hizi ni fedha zetu sote."

Watu wakaguna kumuunga mkono, na sikuwalaumu. Vikundi vya kujitolea huvunjika pale mtu mmoja anaposhika daftari, kitabu cha hundi na ufunguo wa kabati, wenzake wakaona haya kumuuliza. Mwanachama anayeuliza pesa imekwenda wapi anakilinda kikundi.

Lakini jina sikulitaja.

Kikundi chetu kilikuwa cha wagonjwa wa figo na jamaa zao, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la nauli. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda hospitali mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa hapo saa 4 hivi. Akikosa kwenda, maji hujaa mwilini na potasiamu hupanda kwenye damu kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo nauli kwetu ilikuwa sehemu ya matibabu. Na walioiomba, wengi waliomba kwa siri. Wapo ambao kazini kwao hakuna aliyejua kama wanaumwa. Ndiyo maana kwenye taarifa kila aliyesaidiwa alikuwa namba, na orodha ya majina tuliijua mimi na katibu tu.

"Mzee wangu," nikamwambia, "haki ya kujua fedha zimetumikaje unayo. Ya kujua nani mgonjwa huna." Nikapendekeza mkutano uchague wanachama 2 wasio viongozi, waahidi kwa maandishi kutunza siri, kisha wakague vocha zote mbele yangu. Wakamchagua yeye, pamoja na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu.

Tukakaa chumba cha pembeni. Mama akachukua taarifa ya benki, akawa anatia alama ya vema kila muamala uliolingana na daftari. Mzee alizipitia vocha mojamoja, akilinganisha sahihi. Akanisogezea mbili. "Hii imenyooka, hii imeyumba kama ya mtoto. Ni mtu yuleyule kweli?" Nikamweleza kwamba ya pili ilisainiwa hospitalini, mgonjwa akiwa ametoka kwenye mashine sasa hivi. Mshipa wake uliofaa kuchomwa sindano za mashine ulikuwa kwenye mkono anaoandikia, na mkono wenyewe ulikuwa umefungwa bandeji. Aliitazama kwa muda, akaiweka kwenye rundo la zilizokaguliwa.

Kilichomshtua kilikuwa kingine. "Salio hili la nauli halifiki miezi 3," akasema. "Na fungu la vifaa limejaa. Hamisheni!"

Ikabidi nimkatalie tena. Fedha zile mfadhili alizitoa kwa ajili ya mizani na vipimo vya shinikizo la damu vya kutumia nyumbani, na fedha iliyotolewa kwa kazi maalumu haihamishwi mpaka aliyeitoa aridhie. Najua inauma, unapoona pesa imelala na mtu anahitaji nauli ya kesho. Lakini ukishaigusa bila ruhusa, hata kwa nia njema, hakuna atakayekuamini na nyingine.

"Basi aombwe," akasema mama bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

Tuliporudi mkutanoni, mzee ndiye aliyesimama kusoma matokeo: vocha zote zipo, benki na daftari vinalingana, fungu la nauli linakauka. Namba 7 hakuigusia. Jioni ileile nikaandika barua kwa mfadhili, mwenyekiti akaisaini pamoja nami, tukaambatanisha taarifa iliyokaguliwa. Aliridhia nusu ya salio la vifaa iende kwenye nauli, kwa sharti kwamba apelekewe hesabu kila baada ya miezi 3, kwa namba vilevile, bila majina.